Mjomba, usiseme hukupewa samansi

Sentensi ninayoijua zaidi katika kazi yangu ya ukarani kwenye ofisi ya wakili ni hii: "Kwamba sikuwahi kukabidhiwa samansi wala hati ya madai, na habari za kesi hii nimezipata kwa mara ya kwanza madalali walipofika nyumbani kwangu." Samansi ni wito wa mahakama, na madalali hapa ni wale wa mahakama, wanaokamata mali ya aliyeshindwa kesi. Nimewachapia wenye matatu, wenye malori ya mchanga, mwalimu mmoja mstaafu mwenye Probox, na hata kampuni yenye meza ya mapokezi na mlinzi langoni. Wengine walikuwa wanasema kweli tupu. Wengine, ukiwatazama wakati wanaapa, unajua karatasi ile walipewa, wakaiweka juu ya friji pamoja na bili za stima, wakaendelea na maisha.

Hapa Kenya, ukishtakiwa kwa ajali ya barabarani na usijibu, aliyekushtaki ana haki ya kuomba hukumu bila wewe kusikilizwa. Samansi kwa kawaida hukupa siku 15 za kuitikia wito, na ukishaitikia unazo siku 14 za kuwasilisha utetezi. Siku zikipita kimya, wakili wa mdai anapeleka masjala ombi lake na hati ya kiapo ya yule aliyekuletea samansi, na hukumu inaandikwa. Kwa kuwa fidia ya majeraha si deni lenye kiasi kinachojulikana, inayoandikwa kwanza ni hukumu ya awali: kosa ni lako, mia kwa mia. Baada ya hapo kinabaki kikao cha kukadiria pesa, na mara nyingi anayesimama mbele ya hakimu siku hiyo ni mdai peke yake na ripoti ya daktari wake.

Kuivunja hukumu hiyo kunawezekana. Kanuni za Mwenendo wa Kesi za Madai za mwaka 2010 zina Agizo la 10, kanuni ya 11, ambayo ni fupi kuliko maelezo ya dawa ya kikohozi: mahakama inaweza kuitengua au kuibadilisha hukumu kwa masharti inayoona ni ya haki. Basi. Mengine yote yametoka kwenye maamuzi ya majaji, na nilikuwa nikiyasoma kama kazi tu hadi yalipoingia kwetu.

Mjomba wangu ana pikap. Kazi yake ni kubeba mboga na matunda kutoka soko la Kongowea, Mombasa, kwenda Mtwapa na Kilifi, na ameajiri dereva kwa sababu macho yake ya usiku yameanza kumsaliti. Jioni moja, mbele kidogo ya Mtwapa, pikap iligongana na bodaboda iliyoingia barabara kuu ya Malindi kutoka kijia cha pembeni. Bodaboda ilikuwa na abiria wawili, ilhali sheria inamruhusu mwendeshaji kubeba mmoja tu. Abiria wa nyuma, mama anayeuza viazi karai, alivunjika mifupa yote miwili ya chini ya goti. Mwendeshaji alitoka na michubuko. Polisi walipima, wakaandika, wakatoa abstrakti, yaani muhtasari wao wa ajali, na kwenye nafasi ya matokeo ya uchunguzi wakaandika kwamba uchunguzi unaendelea. Unaendelea hadi leo.

Mjomba alikuwa na bima ya thadi pati, ile inayowalipa watu wengine walioumizwa na gari lako. Stika ilikuwa hai, ameilipia kwa mafungu kama wengi wetu. Aliripoti ajali kwa ajenti aliyemuuzia. Baadaye sana, kijana mmoja mpole alimfuata pale Kongowea, akamuuliza kama yeye ndiye fulani, akamkabidhi bahasha, akamwomba atie sahihi kwenye nakala. Mjomba akakataa. Ana imani moja isiyotikisika, ambayo nadhani aliirithi, kwamba karatasi usiyoisaini haikuhusu. Lakini bahasha aliichukua, na jioni ileile akaipeleka kwa ajenti. Ajenti akaitazama, akasema, "Mzee, hii tuachie sisi. Kampuni ina mawakili wake." Mjomba akaamka, akashukuru, akaenda zake.

Hakuna wakili aliyekwenda popote.

Aliporudi kuisikia kesi hiyo, ilikuwa imefika kwenye mlango wake kwa umbo la madalali wa mahakama. Waliandika: pikap, namba yake hii, televisheni moja, seti ya makochi, friji, jiko la gesi. Hapa naomba niseme jambo ambalo watu hawaambiwi. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Madai, kifungu cha 44, inakinga baadhi ya vitu visikamatwe: nguo za lazima, vyombo vya kupikia, vitanda na matandiko, zana za fundi. Dalali anajua hivyo vizuri sana, ila mara nyingi ataandika kila anachokiona, kwa sababu orodha ndefu inatisha na mtu aliyetishika hulipa upesi. Hawaondoki na vitu siku hiyo. Wanaacha notisi ya siku saba. Ndani ya siku hizo saba ndipo ofisi kama yetu hupata wateja wanaoingia bila kuketi.

Kikao cha familia kilikaa kwa mama yangu. Ushauri ulikuwa mmoja, tena kwa sauti moja: sema hukupewa samansi. Jirani mmoja ambaye ni dalali wa viwanja, na kwa hiyo ni mwanasheria wa mtaa, alieleza kwa ufasaha kwamba hukumu ikitolewa kwa mtu ambaye hakukabidhiwa samansi, inaondolewa moja kwa moja bila maswali. Na alikuwa sahihi! Hilo ndilo linalofanya uongo huu upendwe. Mahakama ya Rufaa iliupanga mstari huo vizuri mwaka 2016, katika kesi ambayo mawakili huitaja kwa jina la James Kanyiita Nderitu: kama samansi haikukabidhiwa ipasavyo, hukumu ni batili na inatenguliwa kama haki ya mdaiwa, si hisani. Mahakama haiulizi una utetezi gani, haikuwekei masharti. Lakini kama ulikabidhiwa samansi vilivyo na wewe ukanyamaza, hapo unasimama mbele ya hakimu kama mwombaji, na yeye anapima: ulichelewa kwa nini, ulichelewa kiasi gani, una utetezi wa kusikilizwa au huna, na mwenzako ataumia vipi akirudishwa mwanzo.

Kwa hiyo mlango wa kwanza ni mpana na wa pili ni mwembamba, na kila mtu anataka kupita ule mpana hata kama si wake.

Mjomba alinitazama. "We mwanangu unafanya kazi huko. Si utaandika tu?"

Nilimwambia, "Mjomba, usiseme hukupewa samansi. Yule kijana ataitwa."

Hakuamini kwamba mpeleka samansi anaweza kuitwa. Anaweza. Agizo la 5 la kanuni zilezile linamtaka aandike kwenye hati yake ya kiapo saa aliyokabidhi, namna alivyokabidhi, na kama alioneshwa mdaiwa na mtu mwingine, basi jina na anwani ya mtu huyo. Mdaiwa akipinga, mahakama inaweza kumsimamisha mpeleka samansi kizimbani ahojiwe kwa kiapo. Nimekaa nyuma ya mahakama nikiyaona hayo. Kulikuwa na bwana mmoja, si mteja wetu, aliyeapa kwamba siku iliyotajwa hakuonana na mtu yeyote. Mpeleka samansi akaulizwa alimkuta wapi. Akajibu bila kufikiri: kwa kinyozi. Alikuwa amenyolewa upande wa kushoto. "Akaniambia nisubiri amalize na upande wa pili. Nikasubiri. Akazichukua, akazikalia." Ukumbi ulicheka, hakimu akainamisha kichwa kuandika, na yule bwana akajishika kichwa, upande wa kushoto. Ombi lake lilikuwa na utetezi mzuri tu ndani, kuhusu trela iliyokuwa imeegeshwa gizani bila pembetatu za tahadhari. Hakuna aliyefika kuusoma. Mtu aliyeapa uongo kwenye aya ya nne haaminiki kwenye aya ya tisa.

Upande mwingine pia upo, nisiwe kama ninayewatetea wapeleka samansi wote. Nimeona hati ya kiapo inayosema mtu alipanda hadi ghorofa ya tatu kwenye nyumba ya makuti. Wapo wanaolipwa kwa kila samansi na kuzikabidhi zote wakiwa wamekaa mkahawani. Hao wakibanwa maswali mawili huanza kutaja "mwanamke mmoja mtu mzima" asiye na jina, na hapo mdaiwa anashinda, na anastahili kushinda. Tangu marekebisho ya mwaka 2020 samansi inaweza pia kutumwa kwa baruapepe au kwa programu za ujumbe kama WhatsApp, kwenye nambari ya mwisho inayojulikana kuwa unaitumia, na anayetuma anaambatisha ithibati kwamba ujumbe umefika. Hapo kusema hukupata ni kazi ngumu zaidi, ingawa nina uhakika watu watazidi kujaribu.

Wakili ninayemfanyia kazi alimsikiliza Mjomba hadi mwisho, kisha akamuuliza swali moja tu: "Mzee wangu, bahasha ulimpa nani?" Na ombi lote likajengwa juu ya jibu hilo.

Tuliandika ukweli. Kwamba alikabidhiwa. Kwamba hakutia sahihi lakini alipokea. Kwamba alizipeleka kwa ajenti wa bima siku hiyohiyo, na alikuwa na ujumbe wa simu wa kuthibitisha, kwa sababu siku mbili baadaye alimwandikia ajenti, "Vipi zile karatasi za court," na ajenti akajibu kwa emoji ya kidole gumba. Kidole gumba hicho kiliambatishwa kama kielelezo. Sijawahi kupiga chapa kielelezo kidogo kilichofanya kazi kubwa namna ile.

Watu huuliza: kama kulikuwa na bima, kwa nini madalali wamfuate Mjomba? Kwa sababu dikrii, yaani amri ya mahakama inayotokana na hukumu, ina jina lake, haina jina la bima. Sheria ya Bima ya Magari kwa Hatari za Watu wa Tatu, Sura ya 405, inailazimisha kampuni ya bima kulipa hukumu ya namna hii ikiwa ilipewa notisi ya kesi kwa wakati. Na ilipewa! Wakili wa mama wa viazi alikuwa makini. Barua yake kwa bima imo kwenye faili, ina mhuri wa kupokelewa. Lakini ili kuibana bima yenyewe, mdai anapaswa kufungua kesi nyingine ya kuomba mahakama itamke kwamba bima inawajibika. Hiyo ni miezi mingine, pengine miaka. Mwenye gari yuko karibu, ana friji. Hata ningekuwa mimi wakili wa yule mama ningeanza na friji.

Na si kila bima ipo ya kubanwa. Kampuni ya United iliwekwa chini ya msimamizi mwaka 2005, Blue Shield mwaka 2011, na wenye magari waliokuwa na stika zao wakajikuta peke yao mbele ya hukumu walizodhani zinashughulikiwa. Tena hata bima iliyo hai, wajibu wake wa kisheria kwa mtu mmoja aliyeumia una kikomo cha shilingi milioni 3. Kinachozidi ni cha mwenye gari. Dikrii ya Mjomba ilikuwa imepita milioni moja kidogo, kwa hiyo hilo halikumgusa, ila lilimkosesha usingizi nilipomwambia. Pengine nisingemwambia.

Rudi kwenye ombi. Kitu ambacho wateja hawakipendi kukisikia ni kwamba sababu ya kuchelewa, hata iwe ya kweli na ya kusikitisha, haitoshi. Lazima uambatishe rasimu ya utetezi, na iwe na jambo la kusikilizwa. Hakimu hataki "mdaiwa anakana madai yote". Anataka kujua: ukipewa nafasi, utasema nini ambacho mahakama haijasikia?

Tulikuwa nacho. Mdai alikuwa abiria, hana kosa, na hatukujaribu kumtwika. Lakini bodaboda ilitoka kijia cha pembeni ikaingia barabara kuu, ikiwa imebeba watu kupita kiasi, na dereva wetu alisema haikuwa na taa. Kama ni hivyo, mwendeshaji ana fungu lake la lawama, na hakuwa ameshtakiwa. Abstrakti yenyewe ya polisi haikumlaumu mtu. Dereva hakushtakiwa kwa kosa la trafiki. Haya yote hayamaanishi tungeshinda. Dereva wetu alikuwa kwenye mwendo, na alama za breki zilikuwa ndefu. Ila katika kesi ya Patel dhidi ya EA Cargo Handling Services, ya mwaka 1974, Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki ilisema kwamba utetezi wenye uzito si lazima uwe utetezi utakaoshinda, inatosha uwe na hoja inayostahili kusikilizwa. Hukumu hiyo ya enzi za nchi tatu kuwa na mahakama moja ya rufaa bado inabeba maombi ya watu wa Mtwapa.

Ndugu yake mkubwa ni Shah dhidi ya Mbogo, ya mwaka 1967. Hiyo ndiyo inayosema uwezo wa kutengua hukumu upo ili kuzuia dhuluma inayotokana na bahati mbaya, kupitiwa, au kosa linalosameheka, na haupo kwa ajili ya kumsaidia mtu aliyekusudia kukwepa au kuchelewesha haki. Wakili wa upande wa pili alikuja na mstari huohuo. Ni kawaida: pande zote mbili hunukuu kesi hiyo, mmoja nusu ya kwanza, mwingine nusu ya pili.

Na alikuwa na hoja. Alisema kesi ni mali ya mwenyewe. Mtu hakabidhi samansi kwa ajenti akalala. Mjomba hakufuatilia zaidi ya ule ujumbe mmoja. Alisema mteja wake amekaa miaka akitembelea gongo, amemlipa daktari wa ripoti, amesimama mahakamani akaeleza mwili wake mbele ya wageni, na sasa anaambiwa arudie. Sisi tulinukuu Ibara ya 50 ya Katiba juu ya haki ya kusikilizwa, na ya 159 inayotaka haki itendeke bila kuelemea mno taratibu. Ibara ya 159 siku hizi imo katika kila ombi, hata la kuahirisha kesi kwa sababu ya mvua, na nadhani mahakimu wameshaizoea kiasi kwamba wanairuka.

Yule mama alikuwepo. Alikaa benchi la mbele na bahasha ya kaki mapajani, imevimba risiti. Kila hoja ya wakili wetu aliisikiliza kwa makini kana kwamba itamhusu baadaye. Tulipotoka alinisimamisha kwenye veranda, nadhani kwa sababu nilikuwa mwanamke mwenye mafaili, akaniuliza kama hii ina maana pesa zimekufa. Nikamwambia hapana, hazijafa, ila siruhusiwi kuzungumza naye, amuulize wakili wake. Akasema, "Namuuliza. Ananiambia tusubiri uamuzi. Mimi nikikaa sana kwenye moto mguu unavimba, dada, kwa hiyo kusubiri kwangu si kukaa bure." Nilirudi ofisini na jibu hilo, na sikumwambia Mjomba.

Jambo moja lilitusaidia mapema. Agizo la 22, kanuni ya 6, linasema hukumu iliyotolewa kwa kukosa kujitetea haiwezi kutekelezwa kwa kukamata mali hadi mdaiwa apewe notisi ya siku zisizopungua 10 kwamba hukumu imeingia. Kwenye faili hapakuwa na notisi hiyo. Watu hulichanganya hili, wakadhani linaifuta hukumu. Halifuti. Linauvuruga utekelezaji tu. Lakini kwa mtu aliyebakiwa na siku tatu kabla pikap haijaburutwa, hilo lilitosha kupata amri ya muda ya kuwazuia madalali, ombi lilipopelekwa chini ya cheti cha dharura.

Uamuzi ulisomwa kwa njia ya mtandao, na mtandao ukakatika katikati, kama kawaida. Hakimu alisema samansi ilikabidhiwa vilivyo, na akamsifu mdaiwa kwa kutojaribu kukana. Kwa hiyo hukumu ilikuwa halali, na haitenguliwi kama haki. Akasema maelezo kuhusu ajenti "yanaeleweka ingawa hayaridhishi". Akasema ombi lililetwa upesi baada ya madalali kufika. Akasema kuna hoja ya kusikilizwa kuhusu bodaboda. Akatengua. Halafu likafuata neno "kwa masharti", na pale ofisini wakili wangu akaongeza sauti.

Masharti yalikuwa haya: nusu ya kiasi cha dikrii iwekwe ndani ya siku 30 kwenye akaunti ya pamoja yenye riba, kwa majina ya mawakili wa pande mbili. Mdaiwa alipe shilingi 15,000 za gharama zilizopotea za mdai. Awasilishe utetezi ndani ya siku 14. Na alipe gharama za dalali. Akishindwa lolote, hukumu inarudi yenyewe bila mtu kuomba.

Mjomba aliposikia nusu, alisema tumeshindwa. Nilimwambia sivyo, na zaidi ya hapo nikamwambia naona sharti lile ni la haki. Akaninunia wiki nzima. Bado naona hivyo. Mtu aliyeumia akinyang'anywa hukumu aliyokwisha kuishika mkononi, kitu cha chini kabisa anachostahili ni uhakika kwamba mwisho wa safari kutakuwa na pesa mahali. Wapo mahakimu wanaotengua bila sharti lolote na kusema gharama zitaamuliwa baadaye. Kisha mwenye gari anauza gari. Tatizo langu si sharti, ni nani anayelibeba. Kosa lilikuwa la bima, na masharti yalimwangukia mwenye mboga.

Tuliiandikia bima barua yenye nakala ya stika, notisi ya upande wa pili yenye mhuri wao wenyewe, na kile kidole gumba, na nakala ikaenda kwa Mamlaka ya Kudhibiti Bima. Barua ya kwanza haikujibiwa. Ya pili ilijibiwa na mtu aliyesema mteja alichelewa kutoa taarifa, kinyume na masharti ya mkataba. Wakili wangu alimjibu kwa aya moja: masharti ya aina hiyo, ya mambo yanayotakiwa kufanywa baada ya ajali, hayawezi kutumiwa kumnyima aliyeumia, Sura ya 405 inasema. Na kama wanataka wamdai Mjomba baadaye, wajaribu, tutawaonyesha ujumbe wa simu. Siku 30 zilipokaribia kuisha, bima ikaweka ile nusu. Kabla ya hapo Mjomba alikuwa ameshaanza kuzungumza na chama chake cha akiba juu ya mkopo, na mama yangu alikuwa ameshatoa dhahabu yake kwenye kitambaa, ikarudishwa.

Utetezi uliingia, safari hii kupitia mawakili wa bima, ambao walitushukuru kwa kazi ambayo walipaswa kuifanya wao. Kumwingiza mwendeshaji wa bodaboda kama mtu wa tatu kulishindikana: alikuwa amehama, pikipiki haikuwa na bima, na ilisajiliwa kwa jina la mtu aliyeiuza kitambo. Mdai akapimwa na daktari wa pili, akakuta mfupa umeunga vizuri kuliko ilivyotabiriwa lakini mguu umefupika kidogo. Ripoti mbili zikawekwa mezani, na kesi haikufika kusikilizwa. Pande mbili zilikubaliana lawama za upande wetu ziwe asilimia 80 badala ya mia kwa mia, kiasi kikapangwa, hati ya makubaliano ikawasilishwa na kupitishwa kuwa hukumu. Kiasi hicho kilikuwa chini ya dikrii ya kwanza, si kwa sana. Ile nusu ya kwenye akaunti ya pamoja ikaachiliwa kwa wakili wa mdai na riba yake, na bima ikamalizia iliyobaki kwa hundi.

Gharama za dalali bima ilikataa kuzigusa, ikisema hizo ni za masharti ya uamuzi na zinamhusu Mjomba. Bili ya dalali ina kipengele cha kuhifadhi gari ambalo halikuwahi kuondoka nyumbani, na safari mbili ambazo hakuna jirani aliyeziona. Tumeipinga. Bili ya namna hiyo ikibishaniwa inakadiriwa na mahakama, na tarehe tumeshapewa. Hati ya kiapo nimeichapa jana. Mjomba alitaka niandike kwamba dalali hakufika kabisa. Tumeandika kwamba alifika mara moja.